Zirkoni Haina Mnunuzi Geita

Geita hakuna anayeuliza jiwe lina umri gani. Swali la kwanza ni linatoa gramu ngapi kwa tani, la pili ni nani ananunua. Sishangai. Mtu anayeshuka kwenye duara kwa kamba, akikanyaga magogo yaliyopachikwa ukutani, hana sababu ya kujali kwamba mwamba anaougonga uliganda miaka milioni 2,700 iliyopita. Mimi nilijali, na nimekula mshahara kwa kujali. Wengi hudhani watu wa umri na watu wa gramu ni makundi mawili yasiyohusiana. Miaka yangu ya kazi imenionyesha vingine: anayejua kipi kilitangulia ndiye mwenye nafasi nzuri zaidi ya kujua achimbe wapi.

Punje niliyoishi nayo inaitwa zirkoni. Ni madini ya zirkoniamu, silikoni na oksijeni, mazito kuliko mchanga wa kawaida na magumu kuliko kioo. Katika graniti za Shinyanga, yale majabali yanayokaa juu ya mbuga kana kwamba yamepangwa na mtu, punje zake nyingi hazifiki hata robo ya milimita. Zirkoni inapoganda kutoka kwenye uji wa moto wa mwamba, hukubali urani kidogo ndani yake na kuikataa risasi. Urani nayo haitulii. Taratibu, kwa mwendo usiojali joto la mwamba wala uzito wa milima, hugeuka kuwa risasi. Nusu ya urani 238 hugeuka kwa miaka bilioni 4.47; nusu ya urani 235 kwa miaka milioni 704. Kwa hiyo risasi unayoikuta ndani ya punje safi karibu yote imezaliwa humo humo. Pima risasi, pima urani iliyobaki, piga hesabu. Ni saa mbili ndani ya punje moja, kila moja ikimkagua mwenzake, na zikipishana unajua kuna kitu kimeisumbua punje hiyo.

Mimi ni mtoto wa Shinyanga. Nilisoma jiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako idara ilianzishwa 1974, nikaenda nje kujifunza mambo ya isotopu, nikarudi kufundisha. Hayo yatosha kuhusu vyeti. Shule yangu nyingine ilikuwa mialo ya kuoshea dhahabu.

Nakumbuka asubuhi moja upande wa Nyarugusu. Mama mmoja alikuwa anaosha marudio, yaani mchanga ambao wenzake walikwisha kuuosha wakaona hauna kitu tena. Karai lilikuwa jeusi, limechakaa, ukingo umepinda upande mmoja kwa kugongwa. Alilitumbukiza majini, akalizungusha kwa kiwiko zaidi kuliko kwa kiganja, akaliinamisha kidogo, maji yakabeba mchanga mweupe, akarudia. Mwishoni kulibaki mkia mwembamba wa mchanga mweusi, na mbele ya mkia huo vidoa viwili vitatu vya njano ambavyo mtu asiyezoea asingeviona. Alivitoa kwa ncha ya kidole. Kisha akainua karai ili amwage ule mweusi.

"Mwangaluka, mayu," nikamwambia. "Usimwage, nipe mimi."

Alinitazama kuanzia viatu. "Mwanangu, takataka hii unaipeleka wapi?"

"Dar es Salaam."

"Kuna mnunuzi?"

"Hakuna, mayu."

"Basi chukua na ya jana," akasema, akanionyesha ndoo iliyojaa.

Nilitumia sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu, kama wafanyavyo wachimbaji wenyewe, kunyonya chembe za chuma. Zilizobaki nikazitazama kwa lenzi ya mkononi, na humo zilikuwemo: punje za waridi iliyofifia, zenye ncha pande zote mbili, zinazong'aa kuliko vidoa vya dhahabu alivyokwisha kuvifunga kwenye kipande cha nailoni. Maji na karai hukusanya kila kilicho kizito, hayabagui chenye bei na kisicho nayo. Wanafunzi wangu wa miaka ya baadaye walidhani uchekechaji huanzia kwenye maabara yenye vimiminika vizito na meza za kutikisika. Niliwapeleka mwaloni kwanza. Mwanafunzi asiyeweza kuzungusha karai bila kupoteza zirkoni sikumruhusu aguse bromofomu, ambayo ni sumu na ni ghali.

Hata hivyo mchanga wa mwaloni una mpaka wake. Umetoka kwenye miamba mingi, kwa hiyo unakueleza ni nani na nani wamo katika mtaa, haukuelezi nani anakaa nyumba ipi. Ukitaka umri wa mwamba fulani sharti uvunje mwamba wenyewe, ulio mzima, usiooza kwa mvua. Kilo kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi, na unachopata mwishoni hakijazi ncha ya kijiko. Unausaga mwamba kwa karasha, dada wa makarasha ya wachimbaji wa Geita, ila la kwetu linasafishwa kwa brashi na upepo mpaka mkono unauma, kwa sababu punje moja iliyosahauliwa na jiwe la jana itakuja kudai kuwa ni ya jiwe la leo. Halafu unakaa kwenye hadubini na sindano, unachagua moja moja. Hakuna mashine iliyonipa raha kama sindano ile. Unajifunza kukataa: hii ina ufa, hii ina doa, hii imepauka kwa kuumizwa na mionzi ya urani yake yenyewe. Vijana hupenda kuzipima zote kwa kuwa zimepatikana kwa jasho, na jasho hilo nalielewa, ila siliweki kwenye jedwali la matokeo.

Usafi huu una historia. Katikati ya karne iliyopita Mmarekani Clair Patterson alianza na zirkoni, akakuta risasi iliyozidi kila alikogusa: kwenye meza, kwenye maji, kwenye nywele za watu. Ilibidi ajenge maabara isiyo na vumbi ili aweze kuupima umri wa dunia, akaupata mwaka 1956: miaka bilioni 4.55. Alipouliza risasi hiyo inatoka wapi, jibu moja kubwa lilikuwa petroli, na akatumia sehemu kubwa ya maisha yaliyobaki kupigana nayo. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzoni mwa 2006. Naitaja habari hii kwa wanaoniuliza zirkoni imemsaidia nani. Mtu aliyekuwa anatafuta umri wa mawe ndiye aliyesaidia kufichua kwamba watoto wa mijini wanavuta sumu.

Sasa nije kwenye dhahabu. Vilima vya Geita vina mwamba wa chuma wenye mistari, mwekundu na wa kijivu, tabaka juu ya tabaka, uliotuama chini ya bahari ambayo haipo tena. Dhahabu imekutwa ndani yake na kandokando yake tangu enzi za Wajerumani, na mgodi wa zamani ulifanya kazi toka miaka ya 1930 hadi 1966. Ni rahisi kuamini kwamba dhahabu ilituama pamoja na chuma. Kama ndivyo, fuata tabaka la chuma popote linapokwenda, utaikuta.

Zirkoni zilisema sivyo. Thomas Krogh, ambaye baadaye alihamia Royal Ontario Museum, Toronto, ndiye aliyeonyesha mwaka 1973 namna ya kuyeyusha zirkoni kwa asidi ndani ya chupa ndogo ya tefloni iliyofungwa, huku risasi ya kigeni ikipungua mno. Mwaka 1982 akaongeza njia ya kuzisugua punje kwa msukumo wa hewa mpaka ganda la nje lililovuja liishe. Krogh huyo huyo alishirikiana na Gregor Borg wa Ujerumani kupima punje za Sukumaland, na matokeo yakachapishwa 1999. Mwamba mmoja wa volkano wa Geita ulikuwa na miaka milioni 2,699, ongeza au punguza milioni 9. Kulikuwa pia na lamprofaya, mwamba mweusi uliopenya kama ukuta mwembamba katikati ya miamba iliyoutangulia: miaka milioni 2,644, ongeza au punguza milioni 3. Umri wa ukuta huo ukawa kikomo: dhahabu iliingia baada yake.

Hebu tulia hapo kidogo. Kati ya volkano na lamprofaya ni zaidi ya miaka milioni 50, na dhahabu ni changa kuliko vyote viwili. Basi haikuzaliwa na chuma. Ilikuja baadaye sana, imeyeyuka kwenye maji ya moto kutoka chini, ikipita kwenye mipasuko, na chuma kiliipokea tu, kwa kuwa salfa ya maji hayo ilipenda chuma ikatengeneza paireti na kuiacha dhahabu ishuke. Mtafutaji anayeelewa hivyo huacha kufuata tabaka peke yake. Hufuata mpasuko, hasa unapokatiza chuma au unapopita mpakani mwa miamba ya aina mbili. Nyankanga, shimo kubwa la Geita ya sasa, sehemu kubwa ya dhahabu yake imefuata eneo la mpasuko, ndani ya daiorati na vipande vya chuma vilivyonaswa humo. Miaka ya 2010 Ioan Sanislav na wenzake wa James Cook University, Australia, walipima zirkoni nyingine nyingi za Nyankanga na Kukuluma, na mpangilio wa matukio ukazidi kunyooka.

Ndiyo maana nasema swali la umri si anasa. Mwenye duara Mgusu anaweza kulitumia bila mashine yoyote: mkanda, yaani mshipa wa mwamba, unaokata mkanda mwingine ndio mdogo kwa umri. Nimekaa na wazee wa machimbo wanaojua sheria hiyo kuliko baadhi ya wahitimu wangu. Wanaiita kwa majina yao, wanaonyesha kwa ncha ya tindo.

Zirkoni nayo haijibu kila kitu, na mtaalamu anayeamini madini yake yanajibu kila kitu amekwisha. Lava nyeusi za eneo la Rwamagaza, kusini magharibi mwa Geita, karibu hazina zirkoni. Shukrani Manya na Makenya Maboko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizipima kwa njia nyingine, ya samari na neodimi, mwaka 2003 wakatoa umri wa miaka milioni 2,823, ongeza au punguza 44. Tazama upana wa hiyo ongeza au punguza ukilinganisha na ile 3 ya lamprofaya. Haikupunguza thamani ya kazi yao hata chembe. Ilisema ukweli kuhusu miamba iliyokuwepo. Namba isiyo na ongeza au punguza yake mimi huichukulia kama tetesi.

Jambo jingine lililonichukua muda mrefu ni viini. Ukiigandisha punje kwenye epoksi, ukaisugua mpaka nusu yake, ukaipiga picha kwa miali ya elektroni, unaona mistari ya ukuaji, na mara nyingine katikati kuna kipande tofauti kabisa, cha zamani, kilichomezwa na mwamba mpya bila kuyeyuka. Kiini kina umri wake na ganda lina wake. Ukiyeyusha punje nzima unapata wastani, na wastani huo ni tarehe ambayo hakuna kilichotokea. Mashine zinazopiga mwali mwembamba sehemu moja tu ya punje ziliondoa tatizo hilo. Kwa miaka yetu hazikuwa Afrika Mashariki, kwa hiyo ilitubidi kusafiri nazo punje. Nilizibeba mfukoni mwa shati, duara la epoksi la upana wa sarafu, pamoja na kibali cha kusafirisha sampuli. Fomu ilikuwa na mahali pa kuandika thamani ya mzigo. Niliandika sifuri. Ofisa wa uwanja wa ndege aliligeuzageuza lile duara, akaniuliza kwa nini mtu mzima anasafirisha sifuri kwa ndege. Sikuwa na jibu fupi.

Mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, ulinifundisha unyenyekevu wa aina nyingine. Kwetu utotoni jina la Williamson lilitajwa kama la mfalme. John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aligundua bomba la kimberlaiti (mwamba unaobeba almasi) pale mwaka 1940, eneo la hekta 146, mojawapo ya makubwa duniani. Almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyotoka huko 1947 alipewa Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Ilipokatwa ikabaki 23.6. Kimberlaiti ile pia ina zirkoni, kubwa kuliko zangu za graniti na zenye urani kidogo sana, na umri wake ni kama miaka milioni 50 na ushee. Kwa hesabu zetu hiyo ni juzi. Imetoboa ardhi yenye miaka zaidi ya milioni 2,500, na kwa kuwa mmomonyoko umekuwa mdogo, mashapo ya ziwa la kreta yake bado yapo juu. Ukishuka hadi vilima vya Igwisi, mkoani Tabora, unakuta kimberlaiti changa kuliko zote zinazojulikana, iliyolipuka kama miaka 12,000 iliyopita. Kila anayesema ardhi yetu imelala tangu kale, nampeleka Igwisi.

Kuhusu gramu sasa, maana najua msomaji wa Geita ananisubiri. Kijana mmoja mwenye leseni ndogo alinijia na karatasi mbili za maabara. Sampo zote alizitoa kwenye mkanda mmoja, siku moja. Karatasi moja ilisema gramu 3 kwa tani, nyingine zaidi ya 30. Alikuwa na hakika ameibiwa.

"Profesa, hawa wamekula dhahabu yangu."

Nikamwomba anionyeshe alichokipeleka. Kilikuwa kifuko cha kilo moja, mawe matatu. Nikamweleza kwamba dhahabu yake ni ya chembe kubwa. Ikitokea chembe moja imo kwenye kifuko, wewe tajiri. Isipokuwemo, wewe maskini. Na mkanda uko vile vile. Inabidi achukue kilo hamsini kutoka urefu wote wa mkanda, azisage zote, achanganye, agawe kwa robo, kisha ndipo apeleke kilo.

"Kilo hamsini?" akasema. "Hiyo hela ya karasha nitaitoa wapi?"

Hoja yake ilikuwa ya kweli, na ndiyo inayofanya wachimbaji wadogo wapige ramli ya bei ghali. Mwaka 2017, serikali ilipozuia makinikia, yaani mchanga wa madini, kwenda nje na kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikafungua makontena bandarini, nilisikia abiria wa daladala wakibishana kuhusu sampuli kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Serikali na kampuni ya migodi zilitofautiana sana kuhusu kiasi kilichomo, na mwisho wake ulikuwa kampuni ya pamoja ya Twiga, serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Wengi walikumbuka namba. Mimi nilitamani wakumbuke swali: sampuli ilichukuliwaje? Mashine nzuri ikilishwa sampuli mbaya hutoa jibu baya lenye desimali nyingi.

Na zebaki. Miaka ya mwanzo ya 2000, Rwamagaza ilichunguzwa katika mradi wa kimataifa wa zebaki: udongo, samaki, nywele na mkojo wa watu. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata. Bado nimeona vijana wakichoma dhahabu iliyochanganywa na zebaki kwenye sufuria ya jikoni, mlango umefungwa ili jirani asijue. Mtu wa kemia ya miamba anayerudi mjini na punje zake bila kusema lolote juu ya moshi ule amesoma bure. Kifaa cha kunasa mvuke wa zebaki si kitu kikubwa, kinaweza kuchomelewa na fundi yeyote wa Katoro, na zebaki inayonaswa inatumika tena. Nimeona hoja ya kuokoa hela ya zebaki ikikubalika haraka kuliko ya afya, kwa hiyo naanza nayo.

Basi kwa wenye maduara, kuanzia Mgusu hadi Msalala, nina ombi. Mkikutana na mwamba usiofanana na mnaouchimba, hasa ukuta mweusi unaokata mkanda wenu, msiutupe wote kwenye kifusi. Wekeni kilo kumi kwenye kiroba, chagueni mawe mazima yasiyooza, andikeni jina la eneo, kina na tarehe, mpeleke ofisi ya madini ya mkoa mkiomba ifike Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma. Mkitembelewa na mwanafunzi wa jiolojia mpeni yeye. Lebo iwe mbili, moja ndani ya kiroba na moja nje, na andikeni kwa kalamu ya risasi, maana wino hufutika kwa maji.